Mbwa na paka wetu wa Tanga wasingoje Septemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo ambalo sisi watu wa Tanga hulipigia kelele kwa siku mbili tatu kisha tukalinyamazia miezi mingi, nalo ni matunzo ya mbwa na paka tunaowafuga majumbani. Kelele huanza mtoto anapong'atwa njiani akienda shule au chuoni. Jioni ile ile barazani utawasikia watu wazima wakitaka mbwa wote wanaozurura wapigwe risasi au wategewe nyama yenye sumu. Wiki ikipita shauri limekwisha, mbwa ni wale wale, na mwenye mbwa asiyechanjwa bado hajamchanja. Wachache hukumbuka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyeanza kuwachanja binadamu dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1885. Siku hiyo ina faida yake, lakini kupe na joto la pwani havingoji Septemba, na kichaa chenyewe hakingoji.

Ninalotaka kusema ni moja. Mwenye mbwa au paka katika mji huu anapaswa kuwa na utaratibu wa mwaka mzima unaofuata majira yetu ya kaskazi, masika, kusi na vuli, na serikali ya mtaa inapaswa kumuuliza juu ya utaratibu huo kama inavyomuuliza juu ya choo na taka. Kuua mbwa kwa msimu hakuwezi kuchukua nafasi ya utaratibu huo, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndicho kinachotuua sisi wenyewe. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni jambo la nadra sana duniani kote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu asilimia 99 ya binadamu wanaoupata ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na kwamba kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile inayoandikwa hospitalini, kwa sababu wengi hufia nyumbani na maradhi yao hupewa majina mengine.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona kwamba ugonjwa huu unaweza kuondolewa. Ng'ambo ya maji tu, kisiwani Pemba, ambako majahazi na mashua zetu huenda na kurudi, kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarudiwa kwa nguvu, na mwaka 2018 ukaondoka kwa mara ya pili. Katika habari hiyo naona mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, kilichofanya kazi ni sindano. Pili, mbwa mmoja akipakiwa chomboni bila chanjo anaweza kuharibu kazi ya miaka, na sisi ndio tulio upande huu wa maji.

Wanaodai mbwa wauawe ningewaomba waangalie kisiwa cha Flores, Indonesia. Mwaka 1997 mbwa waliochukuliwa na wavuvi kutoka kisiwa cha Buton walikiingiza kichaa huko, na wenye mamlaka wakaamua kuua mbwa. Waliuawa kwa maelfu mengi, karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Sababu yake mtu yeyote aliyeishi na mbwa anaweza kuifikiria. Anayeuawa kwa urahisi ni mbwa mpole, anayekaa karibu na mlango na pengine ameshachanjwa, wakati yule mwoga wa vichakani hukimbia. Wenye mbwa wanaowapenda huwaficha, au huwapeleka kwa jamaa Muheza na Pangani, na kama ugonjwa umo mwilini, nao unasafiri. Jalala lililowalisha waliouawa hubaki pale pale, na baada ya miezi kadhaa mbwa wageni wamekwisha kulijaza. Isitoshe, nyama yenye sumu haichagui. Huliwa na paka wa jirani, kuku na kunguru, na inaweza kuokotwa na mtoto. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema hakuna ushahidi kwamba kuua mbwa peke yake hupunguza kuenea kwa kichaa.

Linalofaa ni kuchanja angalau mbwa saba katika kila kumi, na kuwafikia kila mwaka. Watu huuliza kwa nini kila mwaka. Mbwa wetu wa kienyeji huzaa sana na hufa mapema, kwa hiyo mtaa uliochanjwa vizuri mwezi wa Septemba, ukifika Septemba ya pili, una watoto wa mbwa wengi ambao hawajawahi kuonja sindano. Mbwa apelekwe afikapo miezi mitatu, kisha arudishwe kila mwaka, na kadi yake ihifadhiwe pamoja na vyeti vingine vya nyumbani. Paka naye apelekwe. Nimeona mara nyingi mtu anamfunga mbwa kamba anampeleka kwenye chanjo huku amewaacha paka watatu jikoni, kana kwamba kichaa kinajua jina lake na kitamkwepa paka. Paka huambukizwa, na huambukiza.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Bombo au kituo chochote kilicho karibu kitakachomwelekeza panapopatikana chanjo. Mafuta ya taa, pilipili, majani na kahawa visipakwe. Mnyama aliyeuma, akiwezekana kufungiwa bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi chini ya macho ya mtaalamu wa mifugo. Kumuua papo hapo na kumfukia kunawanyima waganga habari waliyoihitaji. Watoto waambiwe waziwazi kwamba hawatapigwa kwa kusema wameumwa. Wengi huficha kwa sababu walikuwa wakimchokoza mbwa huyo au walikuwa mahali walipokatazwa.

Niongeze neno juu ya dalili, kwa kuwa wengi hungoja mbwa anayekimbia ovyo na kutoa mapovu. Wapo wanaopooza kimyakimya. Taya hulegea, mate hutiririka, mbwa hushindwa kumeza, na mwenyewe, kwa huruma, hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani kuutafuta. Mbwa wa namna hiyo asiguswe. Mnyama mpole aliyegeuka mkali ghafla, au mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi, naye atiliwe shaka.

Sasa nije kwenye majira. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya joto kali kwetu, na ndiyo miezi ambayo mbwa wengi huishi katika mateso yasiyoonekana. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake hutoka kidogo kwenye nyayo, na joto lililobaki hulitoa kwa kuhema na ulimi nje. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo mfupi ndani ya kibanda cha bati, bakuli lake la maji likiwa limepinduka tangu asubuhi, anaweza kufa mchana huo huo, na mwenye nyumba akasema amerogwa au ametiliwa sumu na wezi. Kibanda kiezekwe makuti, au kiwekwe chini ya mwembe, kiwe na nafasi ya hewa kupita, na maji yawekwe kwenye chombo kizito kisichopinduka. Matembezi yawe alfajiri au baada ya jua kutua, kwa kuwa lami ya saa nane mchana huunguza nyayo. Mbwa akianza kuyumba, ulimi ukawa mwekundu sana na mate mazito, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida na kupepewa, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Hapa sina budi kusema jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Siku hizi imekuwa fahari katika nyumba za geti kufuga mbwa wa manyoya mengi na wenye pua fupi, ambao asili yao ni nchi za baridi. Pua fupi humnyima mbwa njia ya kupoza mwili wake, na manyoya mazito Tanga mwezi wa Februari ni blanketi. Huo ni urembo wa mwenye nyumba, mbwa hana raha yoyote ndani yake. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye nywele fupi na miguu mirefu, akichanjwa na kushibishwa, hulinda nyumba vizuri na hulivumilia joto letu.

Masika huja na mambo mengine. Panya hukimbia mashimo yaliyojaa maji na kuingia majumbani, na mkojo wao huchafua madimbwi ambayo mbwa huyanywa. Humo hutoka bakteria wa ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ulipozuka mkoani Lindi na kupewa jina la homa ya mgunda. Mbwa huugua, figo na ini vikaharibika, na huweza kuwaambukiza watu kwa mkojo wake. Chanjo yake ipo, na mara nyingi huchanganywa na ile ya parvo katika sindano moja. Parvo yenyewe ni adui wa watoto wa mbwa: hutapika, huharisha damu yenye harufu mbaya, na wengi hufa ndani ya siku chache. Virusi vyake huweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hivyo aliyefiwa na mtoto wa mbwa asilete mwingine katika ua ule ule kabla huyo mpya hajamaliza chanjo, ambayo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Sindano moja haitoshi, ingawa wauzaji wengi wa watoto wa mbwa watakuapia kwamba inatosha.

Unyevu wa masika huleta pia yule nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi, nasi tumezoea kumkinga kwa kupiga nguo pasi. Mbwa hapigwi pasi. Funza wa nzi huyo huingia kwenye ngozi yake na kufanya majipu yenye tundu katikati. Dawa yake ni matandiko makavu yanayoanikwa juani na mchanga wa kibandani kubadilishwa. Funza aliyekwisha kuingia atolewe na mtaalamu, kwa kuwa akipasukia ndani jipu huvimba vibaya.

Kupe na viroboto hawana msimu wa kupumzika hapa kwetu, ila huzidi mvua zinapoanza. Kupe wa mbwa yule wa rangi ya kahawia haishi porini tu. Jike akishiba damu hudondoka, hupanda ukutani, huingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Kumsafisha mbwa bila kupiga dawa kibanda na nyufa za ukuta, na kusiliba zile kubwa, ni kazi bure. Kupe hao humletea mbwa homa, ufizi mweupe na wakati mwingine damu puani, na mbwa mwenye dalili hizo hahitaji mafuta ya kienyeji, anahitaji kupimwa.

Katika jambo hili la kupe ndipo ninapoona vifo vingi vya paka vinavyoweza kuepukwa. Tanga ni mji wa maziwa, na nyumba nyingi zenye ng'ombe wa kufungia bandani zina chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwenye nyumba hukadiria kwa kifuniko, humwogesha mbwa, kisha kwa kuwa dawa imebaki humwogesha na paka. Ini la paka haliwezi kuzivunja baadhi ya dawa hizo, hasa zenye permethrini, na paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo dawa yote iliyokuwa juu ya manyoya huishia tumboni. Hutetemeka, hukakamaa, hufa. Dawa ya mbwa asipakwe paka kabla mtaalamu hajasema inafaa, na dawa ya ng'ombe isitumike kwa yeyote kati yao kwa kukadiria. Vivyo hivyo parasetamoli: kidonge kimoja tu, anachopewa kwa nia njema kwa sababu ana homa, kinaweza kumuua paka.

Minyoo nayo ni habari ndefu, nitaifupisha. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya kwenye maziwa ya mama. Waanzwe dawa wakiwa na wiki mbili, warudiwe kila wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu, na wakubwa wapewe kila miezi mitatu. Kinyesi kiondolewe uani kila siku, maana mayai ya minyoo hiyo huingia kinywani mwa watoto wanaochezea mchanga, na viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu, hata ufukweni.

Juu ya chakula nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapodhani tunafanya wema. Sina ugomvi na ugali na dagaa. Mbwa wengi wa Tanga wameishi miaka mingi kwa ugali wa dona, pupu na vichwa vya samaki, na mtu wa kipato cha kawaida asiambiwe kwamba bila chakula cha paketi hana haki ya kufuga. Ugomvi wangu ni unga na pumba zilizoota ukungu, ambazo mtu huziona hazifai kuliwa na watoto wake, basi akampikia mbwa. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Huacha kula, macho na ufizi huwa ya manjano, hutapika damu. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayamfai mbwa.

Makombo ya pilau na mchuzi yana vitunguu, na vitunguu, viwe maji au thomu, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa na zaidi ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali vinavyotoboa utumbo, basi apewe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe autafune. Maziwa, ambayo kila mtoto wa Kitanzania amefundishwa kwamba ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa, hivyo apewe maji. Samaki mbichi wa kila siku bila kitu kingine humpunguzia paka vitamini B1, naye huanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Samaki wake achemshwe, na siku nyingine apewe maini kidogo, yai au nyama.

Kwa wanaokaa karibu na maji, kuanzia Sahare mpaka Mwambani na Tongoni, kuna bunju, samaki mwenye sumu kali. Wavuvi wanamjua na humtupa ufukweni anaponasa wavuni, na kwa mtu yeyote anayeheshimu sumu yake hilo laonekana limetosha. Halitoshi. Paka na mbwa wanaozunguka mwaloni humla, na sumu yake haina dawa ya kuivunja. Hulegeza misuli mpaka mnyama ashindwe kupumua. Ningewaomba wavuvi wetu wamfukie au wamrudishe majini, wasimwache juu ya mchanga. Utumbo na mapezi ya samaki yanayotupwa nje ya masoko nayo yaondolewe kila siku, kwa maana kila rundo la namna hiyo hulea kundi la mbwa koko na paka shume ambalo baadaye tutalilaumu.

Kusi, kuanzia Juni, ndiyo miezi ya ubaridi na njia kavu, nami naona ndiyo wakati bora wa kazi mbili kubwa: kuchanja mtaa mzima na kufunga uzazi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba kwa muda wa miezi miwili hivi, na huweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Matokeo yake tunayaona sokoni, watoto wa paka wakiwa wamefungwa ndani ya kiroba na kuachwa kando ya njia na mtu ambaye asubuhi ile ile amemkanya mwanawe asimpige paka. Kumhasi dume na kumfunga jike uzazi ni upasuaji unaofanywa na daktari wa mifugo, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kuhasi kwa wembe na kamba, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa mbwa wa ulinzi, ni ukatili, na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama.

Vuli ikifika, dawa za kupe zianze tena kabla ya mvua. Usiku wa mwaka mpya mbwa wafungiwe ndani, kwa sababu fataki huwatia hofu wakaruka kuta na kupotea.

Akina mama waja wazito nao wametishwa sana juu ya paka, hata wengine kutakiwa wawatupe. Kimelea kinachohofiwa hutoka kwenye kinyesi cha baadhi ya paka, na huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Basi kinyesi kiondolewe kila siku na mtu mwingine, mama mjamzito anawe mikono baada ya kushika udongo, na nyama iive sawasawa. Hapo paka anaweza kubaki nyumbani.

Najua wapo watakaouliza kwa nini Mwislamu wa Tanga ahangaikie mbwa. Nafuga mbwa wa ulinzi, na hukumu ya mate yake katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, naijua: chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sijawahi kusikia shehe akifundisha kwamba unajisi ni ruhusa ya kumnyima mnyama maji. Tumefundishwa kinyume chake, habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Mbwa na awe nje, na bakuli lake liwe lake peke yake. Hakuna kinachozuia bakuli hilo kuwa na maji safi.

Mhariri, mji huu hauna uhaba wa watu wanaojua wanyama. Tuna chuo cha mifugo Buhuri, tuna kituo cha utafiti wa mifugo, tuna maafisa mifugo katika kata. Kinachokosekana ni kuwaunganisha na nyumba zenyewe. Napendekeza kila serikali ya mtaa ifungue daftari la mbwa na paka kwa msaada wa mabalozi: nyumba, idadi ya wanyama, tarehe ya chanjo ya mwisho, na kama wamefungwa uzazi. Wanafunzi wa mifugo wanaohitaji kufanya mazoezi waende na daftari hilo nyumba kwa nyumba wakati wa kusi, chini ya daktari, huku chanjo ikiwa ndani ya kasha la barafu. Kituo cha chanjo kikiwekwa, kiwekwe Jumamosi au Jumapili, na tangazo litolewe msikitini na kanisani wiki moja kabla. Tangazo la gari la kipaza sauti linalopita siku ile ile, watu wakiwa kazini na mashambani, limeshindwa mara nyingi kiasi cha kutosha. Watoto wasitumwe peke yao kuwapeleka mbwa wakubwa, kwa sababu mbwa ishirini wasiofahamiana wakikutana chini ya mti mmoja wataumana, na mtoto aliyeshika kamba ndiye atakayekuwa katikati.

Kuhusu gharama, chanjo ya kichaa ingefaa itolewe bure mwaka mzima katika kila kata, kwa kuwa inamkinga hata asiyefuga. Dawa za minyoo, kupe na upasuaji ni mzigo wa mwenye mnyama, na asiyeuweza mzigo huo kwa mbwa watano afuge mmoja. Kazi ya daftari inaweza kuanza hata mwezi ujao katika mitaa ya Mikanjuni, Makorora na Mabawa, ambako nyumba zimebanana na mbwa wa jirani mmoja hulala barazani kwa mwingine. Inahitaji kalamu, mabalozi, na mwenyekiti wa mtaa aliye tayari kupita mlango kwa mlango.

Nashukuru kwa nafasi.

Wako msomaji,
Mikanjuni, Tanga